Ombi la Kurudishiwa Mpaka Siku za Jumamosi

Endel Kurvits,
Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Valga, Estonia.
Ijumaa asubuhi.

Ndugu Mhariri,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba wanadamu hugombana kwa sababu hawaelewani. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minane katika mji huu uliokatwa katikati na mpaka, na kwa heshima naomba kusahihisha. Wanadamu hugombana pale wanapoelewana. Wasipoelewana huishi vizuri sana, na ushahidi ninao nyumbani kwangu, nyuma ya banda la kuni.

Ushahidi wenyewe ni sauna yangu, yaani kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, pamoja na Arvīds Strautmanis, fundi mstaafu wa kujenga majiko, anayekaa Valka, upande wa Latvia, hatua mia mbili na kumi kutoka mlangoni kwangu. Mwaka 1994 sauna yake iliungua. Jumamosi ya juma lile lile akaja na taulo begani, akaonyesha kwa kidole moshi uliokuwa ukitoka kwangu, nami nikamwonyesha mlango. Tangu siku hiyo tumeoga pamoja kila Jumamosi kwa miaka thelathini bila kusemezana. Yeye hajui Kiestonia. Mimi sijui Kilatvia. Kirusi tulikijua wote wawili, maana tulikaririshwa shuleni, lakini tangu nchi zetu zipate uhuru kutoka kwa Warusi hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kukitamka. Basi tukanyamaza. Kidole juu maana yake ongeza maji kwenye mawe. Kiganja juu ya goti maana yake yatosha. Mwaka aliofiwa na mkewe, Arvīds aliacha benchi la juu akakaa la chini, kwenye baridi, majuma sita. Nami nikashuka nikakaa naye. Sijui lugha ambayo ingeyasema hayo vizuri zaidi.

Urafiki huo sasa umevunjika, na walioubomoa ni wakubwa wa Ulaya. Naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Kuhusu mpaka. Zamani palikuwa na kizuizi mwisho wa mtaa wetu. Arvīds alikuwa akisimama foleni na taulo lake na kifungu chake cha matawi ya kujipigia mgongoni ndani ya mvuke, askari anamtazama juu na chini, kisha anagonga muhuri. Pasipoti yake ilijaa mihuri kwa miaka mitatu tu. Mtu angeifungua angedhani ni ya balozi, kumbe ni ya mtu anayekwenda kuoga. Kizuizi kile kilikuwa na faida ambayo hakuna mtaalamu aliyewahi kuifikiria. Kilifungwa saa mbili usiku, kwa hiyo hakuna mgeni aliyewahi kukaa kwangu mpaka akafikia hatua ya kutoa maoni. Desemba 2007 wakakiondoa, kwa tarumbeta na hotuba. Nilikuwapo, nikapiga makofi, na ninaomba makofi yale yafutwe kwenye kumbukumbu za mji. Tangu hapo Arvīds huja na ndara miguuni, akipitia katikati ya vichaka vyangu vya matunda, na huondoka anapojisikia.

2. Kuhusu Kiingereza. Mwaka jana maktaba yetu ilianzisha darasa la Kiingereza kwa wazee. Mwalimu ni binti wa Kireno, Filipa, aliyekuja huku kumfuata mchumba, akivuka nchi saba kwa basi bila mtu yeyote kumwuliza anakwenda wapi. Hapo unaona, Ndugu Mhariri, jinsi mambo haya mawili yanavyosaidiana kututia hasarani: kuna lugha moja ya kumfundisha kila mtu, na hakuna lango la kumzuia anayeileta. Nilijiandikisha darasa la Alhamisi, kwa siri, ili nimshangaze Arvīds. Sikujua kwamba Arvīds naye amejiandikisha la Jumanne, kwa siri, ili anishangaze mimi. Filipa alijua. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alisema, "Mzee Endel, mlikuwa mnafanya mazoezi ya sentensi zile zile. Ningeharibuje raha hiyo?"

3. Kuhusu raha hiyo. Jumamosi moja ya Machi tulipanda benchini kama kawaida. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu juma zima. Nikasema kwa Kiingereza, "Rafiki yangu, leo mvuke ni mzuri." Arvīds akanijibu kwa lugha ile ile, polepole, kama mtu anayepanga matofali.

"Mvuke mzuri, ndiyo. Mawe yako mabaya."

Nikamwuliza, "Mabaya tangu lini?"

"Tangu mwaka tisini na nne."

Fikiria mwenyewe. Fundi wa majiko amekaa miaka thelathini mbele ya mawe yangu, akiyaangalia yakipasuka, akiinua kidole kuomba maji, nami nikidhani anayasifu. Na alikuwa bado hajamaliza. "Tena wale dagaa wa mkeo, wa juu ya mkate mweusi. Chumvi nyingi. Mimi nikirudi nyumbani nakunywa maji mpaka Jumapili jioni."

Mimi ni mtu mpole, lakini nilikuwa nimesoma masomo kumi na manane na nilitaka kuyatumia. Nilimwambia, katika sentensi isiyo na kosa hata moja, kwamba ile bia anayotuletea yeye kila Jumamosi, mke wangu Helju huimimina kwenye vikopo bustanini ili inase konokono.

Arvīds akauliza, "Wanaipenda?"

Nikamjibu, "Wanakufa."

Alichukua taulo lake akaondoka kupitia vichaka. Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Kesho itakuwa Jumamosi ya sita. Nimewasha moto Jumamosi zote tano, nikakaa benchi la juu peke yangu, nikainua kidole, na hakuna aliyeongeza maji.

4. Kuhusu ushauri niliopewa nyumbani. Helju ananiambia, "Wewe Endel, ni hatua mia mbili. Vuka ukamwombe radhi." Namwuliza, kwa lugha gani? Ananijibu, "Hiyo hiyo uliyomtukania." Hii si hoja, Ndugu Mhariri. Juma letu la kumi na nane tulijifunza kulalamikia chakula hotelini. Kuomba radhi kumo katika kitabu cha pili, na kitabu cha pili kinaanza Septemba. Arvīds ana miaka sabini na tisa na mimi nina sabini na sita. Hatuwezi kukaa tunasubiri Septemba.

5. Kuhusu bara zima. Sasa tupanue ramani, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu. Kama wazee wawili wanaopendana wameweza kuharibiana kwa sentensi kumi na moja, tutegemee nini kwa mamilioni? Muuguzi wa Rumania anahamia Denmark. Mdenmark anastaafu na kuhamia Ugiriki. Mgiriki anasoma Uholanzi, anapanga chumba kwa bibi wa Kiholanzi ambaye kwa wema anampa supu. Kwa karne nyingi watu wa namna hii walikula, wakatikisa kichwa, wakatabasamu, na kila mmoja akaamini anapendwa. Leo wote wana lugha moja na hakuna kizuizi cha kumwondoa mgeni saa mbili usiku. Ni suala la muda tu kabla kila Mzungu hajamwambia mwenzake ukweli kuhusu mawe yake.

Kwa hiyo naomba gazeti lako linisaidie kufikisha maombi haya kwa wahusika:

(a) Kizuizi kirudishwe mwisho wa mtaa wetu, Jumamosi tu, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Askari mmoja anatosha, awe na muhuri. Chakula chake nitatoa mimi, isipokuwa dagaa.

(b) Kiingereza kipigwe marufuku barani kote mahali popote penye joto linalozidi nyuzi sitini.

(c) Kila raia wa Ulaya agawiwe jirani mmoja ambaye lugha yake hataruhusiwa kujifunza, wala ya tatu ambayo wangeweza kuelewana kwayo, ili abaki na angalau mtu mmoja wa kukaa naye kwa amani.

Najua ombi la mwisho litahitaji mkataba mpya, na nchi zote zitalazimika kuujadili. Wakiujadili kwa Kiingereza hawatafika mbali, na huo utakuwa ushahidi wangu wa pili.

Uwape salamu wenzako wote wa chumba cha habari, na yule anayechora hali ya hewa, na fundi wa mtambo wa kuchapia, ambaye nilimfundisha mito ya Ulaya na aliijua yote isipokuwa ule unaopita mjini kwao. Helju naye anawasalimu.

Wako anayeheshimu mipaka,
Endel Kurvits

Baada ya kusaini: Nimeambatanisha barua hii hii kwa Kiingereza. Naomba uichapishe nayo, ukurasa wa hali ya hewa, kwa maana Arvīds hawezi kusoma lugha yetu na gazeti lako hulinunua kwa ajili ya michoro ya mvua tu. Filipa ameisahihisha. Makosa mawili nimemwomba ayaache, ili Arvīds ajue nimeandika mwenyewe. Kuhusu kizuizi, wakubwa wakikubali, waambie wasubiri kwanza. Jumatano niliyatoa mawe yote ya zamani, na mawe yanayofaa yanapatikana upande wa Latvia, na anayejua wapi ni yeye. Tutahitaji kupita na toroli mara nne au tano. Kama nafasi ni ndogo, acha barua yote na uweke sentensi moja ya Kiingereza: "Arvīds, sauna haina mawe, njoo uchague." Yeye hununua gazeti Jumamosi saa mbili asubuhi. Ipeleke mtamboni leo.