Mvinyo wa Ndizi wa Kirushya

Jumanne, 8 Julai 2025
Wazo limenijia nikiwa chooni. Watu wa mjini wamechoka kuangalia simba! Wanataka shamba, vitu vya ajabu, mvinyo usiojulikana. Hapa Kirushya pombe ya ndizi tunayo. Nitaiita mvinyo. Nimeshatangaza ziara zangu kwenye simu: Derick Safari. Kaka Philbert amesoma, amecheka mpaka akakohoa. Wivu tu.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata wageni! Mume na mke, wa Mwanza, wanafika kesho. Shida: nimezunguka kwa majirani wote, mitungi mitupu. Pombe iliyoiva ni ya Mama tu. Philbert ameikamua kwa ajili ya Jumamosi, kuanua matanga ya Baba. Kwetu mjane ndiye huvuta mrija wa kwanza. Kabla ya hapo haruhusiwi kutoka nyumbani. Na Mama ana haraka, maana mdogo wake, mama mdogo Marsiana, yuko hoi kule Nyarubungo. Anataka amwone akiwa hai. Hata mimi nataka amwone! Lakini mtungi ni mkubwa.

Alhamisi, 10 Julai
Nimewaonyesha wageni jiwe lenye sura ya mbuzi. Wakasema hawaoni mbuzi. Nikawapeleka kwenye choo alichotumia askofu siku ya kipaimara. Mwanamke akauliza kama ziara ndiyo imeisha. Jasho! Mama alikuwa amesinzia. Nikawapitisha nyuma, nikawapa mirija. Wakasema inakwaruza koo, wakavuta tena. Nikafunika mtungi kwa majani ya mgomba vilevile. Nani atajua?

Ijumaa, 11 Julai
Wageni wamenisifu mtandaoni, na picha wameweka! Wao, mirija, mtungi wa Mama. Philbert kaiona.
Mama hakupiga kelele. Alisema imwagwe, wapita njia wamemtangulia. Philbert akaimwaga shinani mwa migomba, akinitazama. Nikashauri Mama avute hivyo hivyo, Baba hatajua. Akaniambia nitoke mbele yake. Heri angenichapa.
Ndizi itabidi zivundikwe upya. Kuanua matanga kumeahirishwa.

Jumatatu, 14 Julai
Simu kutoka Nyarubungo alfajiri. Mama mdogo Marsiana amefariki. Philbert ameondoka kwenda kuzika. Mama amebaki mlangoni, amepakata kitenge alichomnunulia mdogo wake. Nimempa pole. Nimeumia, nimelia nyuma ya jiko mpaka kuku wakanikimbia.

Alhamisi, 17 Julai
Philbert amerudi. Amechimba shimo, anavundika ndizi. Mama anakaa karibu na shimo kutwa, analinda.
Nimetafakari sana siku hizi. Nimejichunguza bila kujihurumia, na kosa langu nimeliona: niliwaruhusu kupiga picha.
Wale wa Mwanza wamepiga simu. Wanataka kurudi na marafiki. Nimewaambia waje pombe ikiiva, simu wazime getini. Mirija mipya nimeshakata. Mama huwa anasinzia mchana.