Anayeinuka Amefungwa

Jumatatu, 14 Julai

Nimefungwa drafti tena! Na Marseli, huyo huyo! Tena bila kupata hata kingi. Benchi zima la Sadallah lilicheka mpaka wateja wakasahau walichofuata dukani kwake. Marseli akanishauri nirudi kwenye kibanda changu kuziba pancha, maana tairi angalau haliwezi kunila kete. Mshenzi.

Hawajui nilicho nacho nyumbani. Jumamosi ni fainali ya drafti, na mshindi ndiye atakayekwenda Bonga kupambana na bingwa wao. Nimeshashona shati. Mgongoni limeandikwa BINGWA WA NANGARA, kwa rangi nyekundu. Kitambaa ni pazia la sebuleni. Mke wangu Antonia anadhani liliibwa kwenye kamba. Kila jioni anamlaani mwizi, nami naitikia amina.

Shati likishaandikwa limeandikwa. Lazima nishinde.

Jumatano, 16 Julai

Nimemfunga Marseli! Mimi, Herieli!

Haya, niandike yote. Kete zetu ni vizibo vya soda; nilibakiwa na viwili, yeye saba. Mara akapita Bibi Otilia wa Sigino, mama mkwe wake. Marseli akaruka kama kakalia siafu. Mwanaume mwenye adabu haketi kwenye benchi akipiga domo mbele ya mama mkwe. Anainuka, anapisha, anaamkia kwa mbali macho chini. Marseli aliamkia kutoka nyuma ya friji la soda.

Na kanuni ya Sadallah iko ukutani kwa mkaa: ANAYEINUKA AMEFUNGWA. Hata kama nyumba yako inaungua. Sadallah akakuna ndevu, akasema sheria ni sheria.

Bongo likaanza kuchemka hapo hapo.

Alhamisi, 17 Julai

Baiskeli mpaka Sigino. Vumbi, baridi, mbwa wawili. Nikampa Bibi Otilia shikamoo yake, nikamwambia Sadallah ananunua maharage Jumamosi saa kumi jioni, bei nono kuliko sokoni. Uongo mtupu. Sadallah hajawahi kununua hata punje. Bibi akauliza kwa nini nimetoka Nangara kuja kumwambia yeye. Nikasema ni upendo tu.

Nikamsihi asimwambie mtu. Akaapa kwa rozari. Mwanamke mwaminifu sana yule.

Mama mkwe wangu mimi anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Nilipita nimelala juu ya usukani asinione.

Jumamosi, 19 Julai

Balaa!

Nilikwenda na shati, koti juu yake. Ilipokaribia saa kumi nilikuwa na vizibo vitatu, Marseli nane. Wasiwasi sina. Nikavua koti. Watu wakausoma mgongo wangu kwa sauti, Marseli akacheka mpaka machozi. Nikamwambia angoje kidogo.

Zikasimama bajaji tatu kwa mpigo. Akashuka Bibi Otilia na gunia. Marseli huyo, nyuma ya friji! Nikanyanyua mikono kushangilia. Kumbe nyuma ya Bibi Otilia inashuka jumuiya nzima ya Sigino, kila mama na maharage yake, na wa kwanza ni mama mkwe wangu!

Jamani! Sadallah hajatangaza mshindi bado; nikiinuka nami nimefungwa. Nikiketi sina adabu. Nikateleza chini ya benchi.

Kutoka huko nikatoa hoja. Kanuni inasema anayeinuka. Mimi sikuinuka, nimeshuka. Sadallah akafikiri sana. Akasema wallahi, kweli, Herieli kashinda.

Ushindi wenyewe haukudumu. Mgongo ulikuwa umebaki nje. Mama mkwe akainama, akausoma. Kisha akauliza, kwa upole uliotisha, tangu lini pazia alilompa mwanawe siku ya harusi limekuwa bingwa wa Nangara.

Jumapili, 20 Julai

Antonia amelifumua shati. Hasemi nami. Pazia limerudi dirishani, maandishi yametazama barabara. Watu wanaotoka kanisani wanasimama kusoma. Bingwa sasa ni sebule yangu.

Sadallah amekataa maharage. Akina mama nao wamekataa kuondoka. Usiku walilala kwa ndugu zao, alfajiri wakarudi kukalia benchi, na watalikalia mpaka anunue. Hakuna mwanaume anayesogea, maana kila mmoja ana mkwe wake pale. Sadallah anawapelekea chai huku anakaribia kulia.

Jumanne, 22 Julai

Bado wapo. Wanacheza drafti! Maharage meupe kwa mekundu. Na wanavyokejeliana, sisi tulikuwa watoto wa Kipaimara. Anayeongoza ni mama mkwe wangu. Sadallah amempa safari ya Bonga. Safari yangu! Leo mama mkwe ametuma neno kwa Antonia: lile pazia lishonwe tena, liwe gauni. Roho imeniuma mpaka nikashindwa kula.

Marseli amekuja kibandani, mnyonge. Anasema wanaume tuchange, tununue maharage, tuombe radhi, yaishe. Wengine wote wamekubali. Watu hawana akili kabisa!

Mimi nimegundua jambo. Mama mkwe naye ana mkwe! Mzee Damasi wa Dareda, baba wa marehemu mumewe. Akikohoa tu, mama anaacha hata chakula mezani. Kesho alfajiri nachukua baiskeli. Nitamwambia Sadallah ananunua mahindi, bei nono.

Na nitamsihi asimwambie mtu.