Kisanduku Kinatafuta Ukuta

Kinyozi wetu tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Asubuhi hiyo alitoka kibandani kwake na simu mkononi, akaja hadi kwenye benchi langu la kahawa, akatusomea kama mtangazaji: kompyuta ya manispaa imechora ramani ya hewa ya mji mzima, na mtaa wetu umepewa alama ya "kuridhisha."

Lori lilikuwa ndiyo kwanza limepita. Pancha, fundi wa matairi, alimaliza kukohoa, kisha akauliza, "Hewa yetu inamridhisha nani?"

"Kompyuta."

"Basi ihamie hapa. Mheshimiwa, una chumba?"

Mheshimiwa ndiye mwenye nyumba za upande huu. Aligombea uenyekiti wa mtaa, kura hazikutosha, jina likamkaa. Akajipangusa suruali. "Tuheshimu utaalamu jamani. Hewa nzuri inainua hadhi ya mtaa."

"Na kodi," Redio akachomekea.

"Hiyo inajipandia yenyewe, mimi simo."

"Lakini nani katupima?" Pancha akauliza. "Mimi nipo hapa barabarani toka kunakucha. Sijaona mtu na mizani ya hewa."

Redio akaisogeza simu karibu na macho. "Hawajatupima. Mashine za kupimia ziko chache. Ya karibu yetu iko juu ya paa la manispaa."

"Pale penye bustani na bomba la kumwagilia?"

"Hapo hapo. Halafu kompyuta inachukua kipimo kile, inachanganya na upepo, magari na majiko ya watu, inakadiria mitaa iliyobaki."

"Yaani imeonja sufuria ya jirani, ikatuambia yetu imekolea chumvi."

Nilicheka na wenzangu, ila si sana. Mjukuu wangu anasoma shule ya hapo kona, na hatoki nyumbani bila dawa yake ya pumu ya kuvuta. Mwalimu mkuu alikuwa ameomba malori yasipite saa za masomo. Juzi akajibiwa: ramani inaonyesha hewa haina shida. Kwa hiyo wao walikuwa wanaisoma habari ile, mimi nilikuwa naisikiliza kifuani kwa mtoto.

Hatujakaa sawa, akaja binti mmoja na begi mgongoni, ngazi begani, kisanduku cheupe kwapani. Akaamkia, "Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Pancha, ambaye hajioni mzee, alijifanya salamu haimhusu.

Binti alisema ametoka kwa watu wa ramani. Redio akarukia, "Ndiyo nyinyi mnaotubahatisha?"

"Ndiyo, kaka, hapa kwenu tunabahatisha. Ukiikuza ramani utaona mtaa huu umechorwa mistari. Maana yake hatuna uhakika."

Redio akaikuza. Mistari ilikuwepo. "Aah," akasema, "hii sehemu sikuisoma, ilikuwa inachelewesha habari."

Binti akatuwekea kisanduku juu ya benchi. "Hiki kinapima hewa. Peke yake kinajua hewa ya ukuta kilipofungwa, basi. Kompyuta peke yake inaujua mji wote, lakini kwa kukisia. Tukiviweka pamoja, kisanduku kinaikosoa kompyuta, na makisio ya mitaa ya jirani yanatengemaa pia. Nahitaji ukuta tu."

Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu.

"Kwangu hapana," Mheshimiwa akasema. "Wapangaji wakiona namba nyekundu watahama."

"Hakionyeshi namba, mzee."

"Watahisi."

"Ulisema tuheshimu utaalamu," Redio akamchokoza.

"Nimeuheshimu. Uende ukaheshimiwe na kwenye kuta za wengine."

Pancha alishaona mbali. "Dada, kikisema hewa mbaya, malori yatazuiwa?"

"Hilo wataamua wakubwa. Kisanduku kitasema kilichopo."

"Basi mimi nazibia nani matairi? Baiskeli za wanafunzi?" Akageukia barabara. "Kwa kweli nikivuta vizuri, hewa hii si mbaya. Ina uzito tu."

"Dakika hii ulikuwa unakohoa," Redio akasema.

"Nilikuwa nasafisha koo. Raia haruhusiwi?"

Binti aliuzunguka uwanja wetu mdogo akitazama juu, akasimama nyuma yangu. "Ukuta huu wa kinyozi ndio wenyewe. Umeme upo, barabara iko mbele, urefu unafaa. Ila, bibi, jiko lako liko chini yake."

"Lina ubaya gani?"

"Moshi wa mkaa utaingia moja kwa moja. Kompyuta italinganisha na visanduku vingine, itaona hiki kinasema mtaa unaungua, itakipuuza. Tutarudi kubahatisha. Ungesogea ng'ambo kule, karibu na mtaro."

Waliogombana asubuhi nzima walipatana hapo hapo.

"Bibi asogezwe?" Redio akasema. "Ukuta ni wangu, nautoa, ila kahawa itafika huku imepoa."

"Sayansi ina mipaka yake," Mheshimiwa akasema.

"Aondoke na kisanduku chake," Pancha akasema. "Tulishaambiwa inaridhisha. Mtu ukiridhika unatulia."

Niliwaacha wamalize. Wakikatizwa huanza upya. Pale nilipokaa kila anayetaka kunyolewa ananipita, na wengi hawapiti bila kikombe. Kule mtaroni wanapita mbwa. Nilimimina kahawa iliyobaki kwenye vikombe vyao, nikatoa makaa kwa koleo, nikayaweka kwenye karai.

"Bibi, unafanya nini?" Redio akauliza.

"Nahama."

"Kwa ajili ya kisanduku?"

"Mjukuu wangu akibanwa kifua usiku, hakuna wa kunikadiria. Naona mwenyewe." Nikashika jiko. "Mnaotaka kahawa mtavuka. Msiotaka, kaeni hapa mtetee benchi."

Redio alitia simu mfukoni, akasema ana kichwa cha mteja kinamsubiri, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu. Mheshimiwa akakumbuka bomba linalovuja kwa mpangaji fulani. Tangu nimjue hajawahi kukumbuka bomba.

Pancha alibaki. Alinitazama ninavyoyumba na jiko, akalaani kimoyomoyo, akaja akanipokonya, akalivusha barabara. Alirudi akakuta binti amepanda, ngazi inatikisika, akaikamata kwa mikono yote miwili.

"Nimekuwa mpumbavu rasmi," akasema. "Nashikilia ngazi ya kupandishia mashine ya kunifukuzia wateja."

"Asante, kaka."

"Usinishukuru. Toboa haraka, kabla akili haijanirudia."