Ombi la Kunyoosha Njia ya Bata

Nyumbani kwa Bibi Olwen,
Llandysul.
Alhamisi, baada ya shule.

Kwa Bi. Lowri Beynon,
Meneja wa Jumba na Bustani,
Plas Cilhelyg, kando ya mto Teifi.

Mheshimiwa Bi. Beynon,

YAH: KUFUNGWA, KUNYOOSHWA AU KUSAHAULIWA KWA NJIA YA MTONI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa mimi sijielezi vizuri, naomba nikisaidie.

Mimi ni Heledd Treharne, mwenye umri wa miaka kumi na tano, yule msichana anayejitolea kila Jumamosi katika chumba cha mashuka. Huenda hunikumbuki. Ulipopita kutusalimia siku ya Pasaka nilikuwa nyuma ya pazia, nikikagua pazia. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kiwelisi na Kiingereza, na walimu wangu wamefanya kazi nzuri, maana zote mbili nazinyamazia kwa ufasaha. Barua ni jambo jingine. Kwenye barua hakuna anayenitazama.

Nimepokea barua yako isemayo kwamba Jumamosi hii, saa tano asubuhi, nitaongoza msafara wa kwanza wa Kiwelisi kwenye Njia ya Bata, kwa kuwa mimi ndiye "chimbuko la kumbukumbu hii adhimu". Watu ishirini na watatu wamejiandikisha. Siwezi, Bi. Beynon. Na si haya peke yake inayonizuia. Yule bata hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi.

Naomba usiiweke barua chini. Kabla hujanikasirikia, nimeorodhesha makosa yaliyotufikisha hapa, na utaona kwamba mengi si yangu.

1. Kosa la kwanza ni la mgeni. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka aliingia mama mmoja mwenye koti la mvua la njano, akasimama dirishani kwangu, akatazama chini mtoni, akasema, "Hivi ile njia mbona imepindapinda vile? Aliyeichora alikuwa amelewa?" Mwongozo wetu unasema tusipojua jambo tujibu, "Sijui, ngoja nimwulize mwenzangu." Mwenzangu ni Bwana Elwyn Mathias, anayekaa chini mlangoni. Yaani ningelazimika kuzungumza na watu wawili badala ya mmoja. Nikasema, "Ni ya bata."

Mtu muungwana angeishia hapo. Yeye akauliza, "Bata gani tena?" na akatafuta pa kukaa. Kitini palikuwa na lile ua kavu la miiba ambalo huwa tunaliweka juu ya viti vyote vya zamani ili tusilazimike kumwambia mtu asikae. Akaliona, akabaki amesimama, na mtu aliyesimama hungoja jibu. Basi nikamwambia kwamba Bibi Morfudd, mke wa mwenye jumba enzi hizo, alikuwa anaogopa watu. Hakuzungumza na yeyote isipokuwa bata bukini wake. Kila asubuhi walishuka wawili hao hadi mtoni, na njia ikafuata mapito ya bata, kwa kuwa bata hajui kunyoosha. Jina la Morfudd nililitoa kwenye foronya iliyodariziwa iliyokuwa mbele yangu. Hayo mengine nadhani yalikuwa habari zangu mwenyewe, ukimwondoa bata.

2. Bwana Elwyn. Yule mama alipotoka alimpongeza kwa habari ya bata. Bwana Elwyn hajawahi kukiri kwamba kuna jambo halijui, na siku ile hakuanza. "Aa, bata," akasema. "Hilo sisi wa zamani tunalijua." Bwana Elwyn alihamia hapa miaka sita iliyopita. Jumamosi iliyofuata nilimsikia kutoka juu akiwaeleza wageni, "Aliitwa Blodwen. Mweupe pee, mguu mmoja mbovu." Mimi sikumpa yule bata jina, wala sikumpa kilema. Nilishuka ili nimkanushe. Nilifika ngazi ya nne. Akaniona, akasema mbele ya watu wote, "Huyu hapa binti yetu. Kaifukua habari yote hii kwenye mashuka." Wakanipigia makofi. Nikarudi juu.

Hapa naomba niseme jambo kwa heshima. Tatizo letu sisi wa Plas Cilhelyg ni lile ua la miiba. Tuko tayari kumwekea mtu mwiba kitini kuliko kumwambia hapana. Kwa hiyo uongo ukishaingia mlangoni kwetu hupewa kikombe cha chai.

3. Mgahawa. Bi. Nerys anaoka biskuti za umbo la bata na zinakwisha kabla ya saa sita mchana. Ni tamu. Hilo si lalamiko, ni taarifa. Lalamiko ni kwamba alinipa moja akisema, "Kula, mama, wewe ndiye uliyemleta." Nilianza kumla kichwani ili asinitazame.

4. Kibao cha lugha mbili, pamoja na zile nyayo za njano mlizozipaka chini kutoka bustani ya waridi hadi mtoni. Watoto sasa wanashuka njia nzima wakitembea kama bata, mikono nyuma, na wazazi wao nyuma yao vivyo hivyo. Jumamosi iliyopita nilimwona mchungaji wa kanisa letu. Alidhani yuko peke yake.

5. Vita. Bwana Elwyn anasema bata alitangulia na Bibi Morfudd akafuata. Bi. Eunice Pugh wa bustani ya waridi anasema haiwezekani, bata mwenye malezi hufuata. "Wewe umefuga bata lini?" akamwuliza Bwana Elwyn. Yeye akajibu, "Na wewe umeolewa na mwenye jumba lini?" Wanakuja kazini kwa gari moja, Bi. Beynon, na tangu Julai hawasemezani. Bi. Eunice humwachia chai yake kwenye boneti na kwenda zake. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wamepanda hadi chumbani kwangu. "Sema tu, binti, wewe ndiye mwenye habari." Nilisema nina kikohozi. Nimekuwa na kikohozi miezi miwili.

6. Hili ndilo linaloninyima raha. Kuna mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, Bwana Ithel Harries, ambaye sasa anakuja kila Jumamosi. Haingii jumbani. Anashuka hadi kona ya pili, penye miti ya mierebi, anasimama akiangalia zile nyayo za njano. Kutoka dirishani kwangu naona mabega yake yakitikisika, kisha anavua kofia na kujifutia macho. Mwezi uliopita alipanda ngazi zote, akihema, akaja kuniambia, "Ni wewe unayesimulia habari za yule bibi na bata? Mke wangu Mair alikuwa vile vile. Wageni wakija sebuleni, yeye yuko jikoni anapangusa sahani zilizokwisha kupanguswa. Wangeelewana." Alisema hivyo, basi, akageuka. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nilijisikia nikisema, "Angalia ngazi, zinateleza."

Bwana Elwyn na Bi. Nerys nimewadanganya, nao wamepata biskuti na mabishano. Huyu mzee nimemdanganya, naye analia kwenye kona. Sasa mnataka nisimame kwenye kona hiyohiyo, mbele yake na mbele ya watu ishirini na watatu, niurudie uongo huo kwa sauti.

7. Bibi yangu. Ametangaza kanisani, na nusu ya hao ishirini na watatu ni wa kwaya yake. Nilimwambia jikoni kwamba habari ile si kweli. Akaendelea kumenya viazi. "Mtoto wewe ukiulizwa jina lako unatazama viatu," akasema. "Miaka kumi na tano nangoja useme kitu. Leo umesema, unataka kukirudisha? Utasimama pale, utasema. Halafu kama ni uongo utawaambia ni uongo, lakini utawaambia kwa sauti." Kwa hiyo nyumbani pia sina pa kukimbilia.

Kutokana na hayo, na baada ya kutafakari, nina maombi yafuatayo.

Kwanza, naomba njia ya mtoni ifungwe. Mnaweza kusema kuna tope. Tope lipo siku zote.

Ikishindikana kufungwa, naomba inyooshwe, kwa sababu njia iliyonyooka haina mtu wa kuiuliza swali. Naelewa kwamba njia inafuata mto, kwa hiyo mto nao itabidi unyooshwe. Teifi umepindapinda tangu zamani bila kumpa mtu yeyote sababu, na sioni kwa nini mimi ndiye niulizwe.

Mto ukikataa, naomba jumba lifungwe kwa wageni. Tubaki sisi tunaojitolea, kila mmoja na chumba chake. Vumbi tutapangusa, bustani itapaliliwa, na jumba litakuwa limehifadhiwa kweli, maana wanaoliharibu ni wanaokuja kuliona. Na ikiwa sisi wenyewe tutaanza kuulizana maswali, basi ninalo ombi moja tu lililobaki, dogo, lisilohitaji fundi wala kikao: naomba nipewe lile ua la miiba, niwekewe mapajani. Wageni wetu wanalielewa. Hawatanisogelea.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi. Tafadhali usije kunijibu ana kwa ana.

Nisalimie Bwana Elwyn na Bi. Eunice, kila mmoja peke yake. Msalimie Bi. Nerys na wote wa mgahawani, wakata nyasi, yule kaka wa tiketi anayenipungia mkono bila kusema neno, ambaye namheshimu kuliko watu wote, na wewe mwenyewe pamoja na familia yako.

Ni mimi, mtiifu kwako kadiri woga wangu unavyoruhusu,

Heledd Treharne
(Chumba cha Mashuka)

N.B. Naandika hapa nyuma ya bahasha, nimekaa kwenye jiwe, samahani kwa mwandiko.

Nilikuwa naleta barua hii kwenye sanduku lako. Nikapita njia ya mtoni, kwa kuwa ile ya mbele ina watu. Kona ya pili nikamkuta Bwana Ithel. Kumbe anakuja hata siku za kazi. Hapakuwa na mtu mwingine wala pazia. Sikuweza kuongea, kwa hiyo nikampa barua hii niliyokuandikia, akaisoma yote amesimama. Alipofika nambari sita alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Najua, binti. Njia hii nimeikata mimi."

Aliikata kwa tingatinga, mwaka wa themanini na tatu, mafuriko yalipokula ile ya zamani. "Usukani ulikuwa unavuta kushoto," akasema. "Naurudisha, unavuta tena. Bosi akaja kuangalia, akasema si mbaya, inapendeza hivyohivyo. Hakutaka kunivunja moyo." Nikamwuliza, kwa sauti, kuhusu yale machozi. Akasema, "Nilikuwa nacheka. Mara ya kwanza, na ya pili. Usukani wangu mbovu umekuwa bata wa mke wa bwana mkubwa. Baadaye nikawa namfikiria Mair, nikawa sijui tena ni kipi." Akanirudishia barua. "Mwambie meneja unavyotaka. Lakini yule bibi usimfute. Ndiyo kwanza anaanza kuzoea watu."

Wakati huohuo ikashuka familia moja kutoka Abertawe, baba, mama na watoto watatu, wanatembea kibata kwenye zile nyayo. Mtoto wa kati akaniuliza kama ni hapa bata alipokuwa anapumzika. Nikamwambia ukweli wote: bata ni wa kutunga, nimemtunga mimi, na njia ni ya huyu mzee na tingatinga lake. Akafikiri. Akasema, "Sawa. Alikuwa anakula nini?"

Bi. Beynon, sijui nieleze vipi. Nilimjibu. Wakauliza tena, nikajibu tena. Wakaja wengine, wakasimama, nikaanza upya kwa Kiwelisi kwa ajili ya mama mmoja wa Aberteifi, halafu nikarudi kwenye Kiingereza. Mlinzi alipokuja kufunga geti walikuwepo watu kumi na mmoja na mbwa wawili, na aliyekuwa anaongea ni mimi. Yeye pia alibaki kusikiliza.

Kwa hiyo tafadhali puuza barua yote iliyo ndani ya bahasha hii. Njia ibaki ilivyo. Jumamosi saa tano nitakuwepo, nitawaambia kipi ni kweli na kipi nimekitunga, na Bwana Ithel amekubali kuja kuonyesha kwa mikono jinsi usukani ulivyokuwa unavuta.

Ila kuna jambo moja lazima ulijue kabla hujalisikia kwa Bwana Elwyn. Yule mtoto wa kati, wakati wanaondoka, aligeuka akauliza tingatinga liliitwa nani. Bwana Ithel akafungua mdomo ili amwambie kwamba tingatinga halina jina. Nikamtangulia.