Kome Mlimani kwa Delmiro

Jumatatu, 9 Juni

Natangaza rasmi, mbele ya pipa, paka na mke wangu aliyekuwa akipiga mswaki: kuanzia leo kimanda cha viazi kimefutwa katika nyumba hii. Paka akatoka. Obdulia akatema.

Sababu ninazo. Wageni wanapanda hapa kijijini Meaño kuona mizabibu. Wanaingia kwangu, wanakunywa glasi moja ya albariño, mvinyo wetu mweupe, wanasema tamu, kisha linakuja swali lilelile: samaki na kome wabichi tunakula wapi? Nawaonyesha barabara ya kushuka Cambados, pwani. Mimi mwenyewe! Kwa kidole changu! Wanaondoka. Pipa linabaki.

Na kibali cha kuuza mvinyo wa nyumbani kinaisha mwezi huu. Pipa likibaki na kitu, Obdulia ameshasema: ghala alilochimba baba yangu atapewa kaka yake Fuco, aweke kamba zake za kufugia kome. Kamba! Zenye lami! Mahali nilipozaliwa, au jirani na hapo.

Jumanne, 10 Juni

Sheria inaruhusu nyumba kama yetu kuuza mvinyo wake na visahani vichache vya shamba: mayai, soseji, pilipili. Kome hawamo. Nimefikiri hadi sikio likaniwasha. Jibu: sitauza kome. Nitakuwa nakula chakula changu cha mchana, sufuria kubwa kidogo, na wageni watanikuta. Nifukuze mtu mwenye njaa? Walipie mvinyo tu. Obdulia akasema hajawahi kuona mwizi anayejipongeza kama mimi. Wivu.

Nikamfuata Suso, dereva wa basi litakaloleta wastaafu wa Valladolid Jumamosi. Watu wa bara, bahari wanaiona kwenye kalenda. Nikamwambia kwangu kuna mvinyo na kome kwa pamoja. Akasema sawa, ila hana kazi ya kukariri majina ya watu. "Mzee, nikiona tawi juu ya mlango, nasimama. Nisipoliona, nakanyaga mafuta."

Kana kwamba ananifundisha! Tawi la mlaureli, ule mti wa majani ya kunukia, huning'inia juu ya mlango wetu tangu enzi za baba. Likiwepo, mvinyo upo. Likishuka, pipa limekauka. Hata mbwa wa Meaño wanajua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwomba Fuco kome wa kwenye chelezo chake cha kufugia baharini. Akaniuliza nawataka wa nini. Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akauliza kama namwona mjinga. Nikauliza nimjibu kwa ukweli au kwa adabu. Huku kwetu mtu anayejibu swali huonekana mgonjwa. Mwishowe akasema vyelezo vimefungwa wiki hii, maji yamegeuka mekundu, kome wana sumu. "Ila kwa ajili yako, shemeji, nitakutolea wachache." Kisha akauliza mlango wa ghala una upana gani.

Nyoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenunua kome sokoni Cambados, wa upande wa pili wa ghuba, wazima, wana cheti. Muuzaji, mama mwenye mikono kama makasia, akataka kujua nitawapikaje. Nikasema kwa mvuke. "Na jani la mlaureli, baba. Bila jani unachemsha mawe." Nikamwambia hilo nalijua tangu tumboni. Sikuwa nimelifikiria.

Mlaureli pekee wa jirani uko uani kwa Generosa. Naye anauza mvinyo, hatua chache chini yangu. Mvinyo mkali kama siki, na nyumba imejaa kila siku! Tawi letu huombwa kwake na Obdulia. Mimi na Generosa hatusemezani tangu ile kesi ya kuku. Leo kaniona na ndoo, akaegemea ukuta. "Delmiro! Nasikia unafungua bandari huko mlimani! Meli zitapanda kwa ngazi?" Niliingia bandani kwa heshima, nikakaa humo mpaka alipochoka kucheka.

Simwombi hata jani moja. Heri nile mawe.

Jumamosi, 14 Juni

Majani nimepata! Mabichi, yangu mwenyewe, bila kumpigia mtu magoti. Tawi lilikuwa linaning'inia pale bure. Nimelishusha lote, likaingia sufuriani. Harufu yake! Obdulia yuko kwa dada yake, kwa hiyo hakuna aliyenivuruga. Meza chini ya mizabibu. Glasi zinang'aa. Nimevaa shati la harusi.

Basi likatokea konani. Likapunguza mwendo. Nikanyoosha mikono yote miwili. Suso akatazama juu ya mlango, akanipungia kwa huruma, akakanyaga mafuta.

Likasimama kwa Generosa. Wastaafu wote! Walikunywa siki ile mpaka wakaimba.

Nimekula kome hadi jioni pamoja na paka. Paka alishindwa kwanza.

Jumapili, 15 Juni

Nimelipima jambo hili kwa akili tulivu. Generosa kamhonga dereva. Hakuna maelezo mengine.

Obdulia aliporudi alisimama mlangoni. Akatazama juu. Akatazama sufuria. Akakaa kwenye ngazi. Nikauliza kama ni jua. Akaniuliza iwapo nimewahi, hata siku moja, kusimama barabarani nikautazama mlango wangu. Swali gani hilo? Kisha akaenda kwa Generosa, akarudi na kitawi, akakitundika mwenyewe. Kitawi kama cha kuchokolea meno. Eti mti umekatwa sana mwaka huu. Yule mwanamke ana roho mbaya!

Mchana Fuco akaja na futi. Akapima ghala la baba yangu, urefu na upana, huku anapiga mluzi. Akakuta kome wamebaki. Akala, akasema wamekolea jani.

Ijumaa, 20 Juni

Suso kapiga simu. Kesho analeta kundi la León. Nafasi ya mwisho, na kosa nimeshaligundua: kome. Kome ni chakula cha kila mtu. Nimenunua pweza! Pweza na viazi, na Generosa atajua bandari ni nini.

Viazi vya pweza navyo vinataka jani. Lakini mimi si mtu wa pupa. Kitawi sikukishusha, kiko palepale mlangoni. Nimechuma majani manne tu.

Kilikuwa na majani manne.