Zamu ya Hushang kwa Daktari wa Pua

Tehran pua yenye plasta si ugonjwa, ni cheti cha uwezo. Ndiyo maana Hushang, ambaye kisu hakijawahi kumgusa, alibandika yake kila asubuhi kama wenzake wanavyochana nywele. Siku hiyo alikuwa mkahawani, mkabala na kliniki ya Daktari Bahmanpur, watu wamejaa pomoni, alipoliona windo: Bi Turandokht, mama wa bangili nne za dhahabu, na binti yake Golnar, mwenye pua ya kutosha watu wawili.

Hushang aliuza zamu. Foleni ya daktari ilikuwa ya mwaka na nusu, na kadi hazina jina, ni namba na muhuri tu. Mfukoni alikuwa nazo za bandia tele, na moja ya kweli, yake mwenyewe, ya Jumamosi. Hiyo haikuwa ya kuuzwa. Wakwe walishamwambia posa itazungumzwa pua ikipungua.

"Inauma, mwanangu?" mama aliuliza, akiitazama plasta yake.

"Kuuma? Wiki mbili macho meusi kama ya bondia, unalala chali, unahema kwa mdomo kama samaki. Uvimbe unaisha mwakani. Raha tupu!"

"Na daktari akikosea?"

"Anachonga tena. Wengine wameshachongwa mara tatu, wamebakiza matundu tu."

Kisha akamnong'oneza kwamba ana zamu ya Jumamosi, bei yake bangili zile nne. Mama akataka kuiona kadi. Hushang akampa ile ya kweli aikague. Dhahabu ikishatoka, angembadilishia kwa ya bandia.

Bi Turandokht akavua bangili, akaziweka mezani. Mkahawa mzima ukageuza shingo. Na mbele za watu, huko, hata muuza vitunguu hukataa malipo kwanza. Mnunuzi humbembeleza, ndipo apokee.

"Aa, mama, si kitu mbele yako," Hushang akasema.

"Pokea, mwanangu."

"Nikufie! Mama yangu nimtoze?"

"Pokea, tafadhali."

"Wallahi sipokei! Zamu ni yako, zawadi kwa dada yangu Golnar!"

Akasogeza vidole karibu na bangili, akingoja kubembelezwa mara ya tatu.

Mama akafuta machozi. "Jamani, mmesikia? Waungwana bado wapo!" Akazivaa bangili moja moja, akaitumbukiza kadi kifuani. "Asante, mkono wako usiume, mwanangu."

Makofi yakalipuka. Mzee mmoja akambusu Hushang kwenye paji la uso.

"Mama, hebu... ile kadi..."

"Usiseme kitu, baba. Tutakuombea."

Aseme nini? Kwamba ukarimu wake ulikuwa wa mdomoni, mbele ya watu arobaini wanaompigia makofi? Akainamisha kichwa, akaonekana mnyenyekevu, makofi yakazidi.

Mlangoni akamsikia Golnar akinong'ona: "Mama, je, kama angezichukua bangili?"

"Angekuwa na shaba nne. Tembea, mwanangu."