Mbunge wa Katikati Anasubiri Simu

Jumanne, 4 Machi. Paris.
Serikali imeanguka! Sikuiangusha mimi. Sikuiokoa pia. Sikupiga kura upande wowote, kama kawaida yangu. Waziri Mkuu mpya anatafuta mawaziri wa katikati, wasio wa kulia wala wa kushoto, na nani wa katikati kunizidi? Kiti changu bungeni kimeshachukua umbo langu.

Jumatano, 5 Machi.
Simu kimya. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Kwa heshima kubwa, nakubali." Bila pupa. Nachukua wizara yoyote. Hata ya Bahari, ingawa jimboni kwetu Cantal ni milima na ng'ombe tu. Mke wangu Solange akauliza kama siku hizi nalala naye au na simu.

Alhamisi, 6 Machi.
Kesho maonyesho ya ng'ombe jimboni. Siendi! Kule mtandao unakatika. Namtuma Maryvonne Delrieu, mbunge wangu wa akiba. Nikiwa waziri, kiti changu ni chake, kwa hiyo ananiombea kuliko mama yangu. Akacheka, eti ng'ombe wakiniulizia awaambie nini, Mheshimiwa? Awaambie niko kwenye mashauriano mazito.

Ijumaa, 7 Machi.
Balaa! Waziri Mkuu katua kwenye maonyesho bila taarifa. Nimemwona kwenye televisheni akila jibini ambalo ningemkatia mimi. Maryvonne akamvaa mbele ya kamera: wodi ya wazazi mmeifunga, wanawake wetu wanajifungulia barabarani, halafu wewe unakuja kupapasa ng'ombe? Umati ukalipuka kwa makofi. Maskini, kajimaliza. Nimemwandikia Waziri Mkuu kumwomba radhi kwa niaba yake.

Jumamosi, 8 Machi.
Simu! Namba iliyofichwa! Nikafunga tai kwanza. Ofisi ya Waziri Mkuu. Nikasema kwa heshima kubwa, nakubali. Yule dada aliyepiga akanisahihisha. Samahani Mheshimiwa, Waziri Mkuu alikuwa anaomba namba ya Bi Delrieu.
Nikampa ya bucha la kule jimboni.

Jumapili, 9 Machi.
Mwenye bucha ni binamu yake Maryvonne. Wamempata.
Jina lake limesomwa kwenye ngazi za Ikulu: Waziri wa Afya. Nikatazama hadi mwisho. Gari jeusi, mlinzi mwenye glavu nyeupe, mlango unafunguliwa. Ule mlango! Nimeuota tangu nina nywele.
Solange akasema haya, Bwana Katikati, supu inapoa. Kesho nenda jimboni, hata ng'ombe wamekusahau sura.
Niende milimani sasa? Serikali hii haina wingi bungeni, haifiki kiangazi. Sitaiangusha. Sitaiokoa.
Nimechaji simu.